Bolti Tatu Kifuani mwa Scovia

Nilipofika nyumbani Lurujo niliwakuta watu wa nyota wamelala. Mchana, jua linachoma, watu wazima wenye ndevu wanakoroma ndani ya mahema kando ya muhogo wangu, viatu vyao vimepangwa nje kama mlangoni mwa msikiti. Sikuwaita mimi. Hakuna aliyeniuliza. Nilishusha mfuko wa simenti kutoka kwenye boda, nikanyoosha mgongo, nikatazama kule juu alipolala mke wangu.

Juu ya kaburi la Scovia kulikuwa na kitu kimesimama. Kirefu kuliko mimi, kimevalishwa turubai la bluu, kimefungwa kamba kiunoni.

Mtu wa boda naye alikiona. "Mzee, ile iko tangi ya maji?"

"Ile iko bibi yangu," nikamwambia.

Akawasha pikipiki yake akaondoka.

Mimi ni Moris Lokule. Shule niliiacha nikiwa bado mdogo. Baba yangu alikuwa askari, leo kambi hii, kesho kambi ile. Kalamu naishika kama mtu aliyeshikishwa nyoka. Lakini haya nayaandika mwenyewe, kwa sababu nikiwaachia wenye vyeo, wataandika kwamba kuna mzee mmoja mkali wa Lurujo alifukuza maendeleo.

Sikilizeni basi. Scovia alikuwa Mlugbara wa Manibe, nje kidogo ya Arua. Mimi Mkakwa wa Koboko. Alipougua, gari la wagonjwa lilikuwepo, dereva alikuwepo, mafuta hayakuwepo. Mafuta yalikuwa yamekwenda harusini na mkubwa mmoja, jina lake silitaji, analijua mwenyewe. Nikampakia Scovia kwenye boda, mimi nyuma yake nimemkumbatia asianguke, na njiani nikasikia amekuwa mzito. Basi.

Ndugu zake walikuja wamchukue wakamzike kwao. Tulibishana mpaka sauti zikakauka. Mwisho kaka yake mkubwa, Obitre, akakubali alale kwangu, ila alisema mbele ya watu wote: "Shemeji, tunakuachia dada yetu. Siku tukikuta analala vibaya, tutamtoa turudi naye Manibe. Na siku hiyo hatutakuja kuomba."

Nikasema sawa. Nilimtandikia simenti nzuri, laini, pale juu alipokuwa akianika muhogo kwa sababu hakuna mti wa kutia kivuli. Msalaba ulikuwa wa mbao, na mchwa wa Lurujo hawana dini, waliula. Jina sikuwa nimeliandika. Jina huandikwa siku ya maombi ya mwisho, wakwe wakiwa wamekaa, wanaona herufi zikiingia ndani ya simenti mbichi. Kwa ajili ya siku hiyo nilikwenda Dadamu, nikachomea watu matofali msimu mzima. Maombi yalikuwa Jumamosi. Mimi nilifika Alhamisi, na Obitre alikuwa ameshapiga simu kwamba wanakuja, yeye na shangazi zake.

Kwa hiyo nilipoona lile turubai la bluu sikuwaza nyota. Niliwaza: Obitre akikuta hiki kitu, Scovia si wangu tena.

Nikapanda. Nikafungua kamba, nikainua turubai. Ndani yake nguzo ya chuma, nene kama paja, juu yake mtungi mweupe mrefu unaotazama mbinguni, na chini miguu mitatu. Kila mguu umefungwa bolti ndani ya simenti. Wametoboa! Wameleta mashine wakamtoboa mke wangu mahali pa kifua, kama mtu anayefunga mlango wa duka.

Nilipiga kelele ambayo sikujua bado ninayo.

Wakatoka mmoja mmoja, macho yamevimba. Wa kwanza alikuwa msichana, Ritah, Mlugbara wa Arua mjini, blanketi mabegani. Hakuniamkia hata. "Mzee, tafadhali, usiguse! Tumehangaika wiki nzima kuilinganisha."

"Kulinganisha nini?"

"Darubini. Sisi tunatazama nyota."

"Nyota iko wapi saa hii?"

"Usiku, mzee. Mchana tunalala."

"Mwizi pia analala mchana," nikasema.

Nyuma yake akaja mwalimu mmoja mstaafu, mswaki mdomoni, halafu nesi, halafu vijana wa chuo wakigombana nani amemaliza maharagwe. Wengine wa Arua, wengine wametoka Kampala. Walijiita jumuiya, na kweli walipendana kama watu wa kanisa dogo. Mkubwa wao alikuwa Daktari Acidri, mwembamba, miwani imefungwa uzi. Si daktari wa sindano, ni wa vitabu. Akaniambia, kwa heshima sana, "Karibu, mzee, kaa," akanisogezea kiti. Kiti changu! Kimetoka jikoni kwangu!

Sikukaa. Akaanza kunieleza, maana watu wa namna hii ukiwauliza njia ya kisimani wanaanza na jinsi dunia ilivyoumbwa. Akasema wanachunguza jamii za nyota. Ziko nyota zilizozaliwa pamoja kama watoto wa tumbo moja, zikakaa pamoja mpaka zikazeeka. Ziko nyingine zimehama kwao, zimechanganyika na wageni. Kazi ya jumuiya yao ni kujua kila nyota ilizaliwa na nani, ina umri gani, na nani ni wazee na nani ni vijana pale juu.

"Na hapa Lurujo ni pazuri kuliko kote," akasema, uso wake unang'aa. "Arua mataa mengi. Hapa hakuna umeme. Mzee, giza lenu ni mali."

Giza letu ni mali! Nguzo za umeme zililetwa Koboko, zikafuata barabara vizuri, zikafika nyumbani kwa mheshimiwa, zikachoka hapo hapo. Tangu siku hiyo tunaambiwa tuvumilie. Sasa amekuja msomi kutuambia tulikuwa tajiri wakati wote, hatukujua. Na Nasuru, mwenyekiti wetu wa LC, lile baraza la kijiji, alikuwa ameshapita nyumba kwa nyumba akikataza watu kuwasha moto nje jioni, wageni wasisumbuliwe. Watu wapike uji gizani ili nyota zionekane.

Nikamwuliza, "Daktari, wewe unajua nyota gani imezaliwa na gani?"

"Tunajaribu, mzee."

"Na huyu uliyesimamisha chuma juu yake, amezaliwa na nani?"

Akatazama wenzake. "Nani?"

"Chini ya miguu ya mashine yako. Bibi yangu iko hapo."

Mwalimu akatoa mswaki mdomoni. Ritah akajifunika uso na blanketi. Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena, kama kwamba kosa lilikuwa kwenye kioo.

"Hapana," akasema polepole. "Mzee, tulidhani ni msingi wa wapimaji. Wale wa zamani waliochora ramani. Umelala sawa kabisa, magharibi kwenda mashariki, hauyumbi hata kidogo. Mimi mwenyewe niliwaambia hawa, aliyejenga hapa alikuwa anaijua mbingu."

"Kila kaburi ya Mkristo hapa inatazama jua linapotoka. Kuku yangu inajua!"

Ninyi mnaosoma, nisaidieni. Mlevi akipita pale usiku angejua ni kaburi, angeomba radhi akapita. Mwizi angejua. Lakini watu waliotumia maisha yao kutazama juu waliona simenti imelala vizuri chini ya mbingu, wakafurahi, wakasema, hii ilijengwa kwa ajili yetu. Hakuna mtu mwingine duniani angeweza kukosea namna ile.

"Tuliuliza lakini," Ritah akasema, sauti ndogo. "Baba, tuliuliza. Daktari alimwuliza mwenyekiti kama ni ya serikali. Akasema ndiyo."

Hapo hasira yangu ikawaacha wale watu, ikampata mwenyewe.

Nasuru alikuja bila kuitwa, maana kelele zangu zilifika mbali. Alikuja na pikipiki, muhuri wa LC ndani ya mfuko wa shati, anatembea nao hata chooni.

"Lokule! Umerudi! Mbona hukupiga simu?"

"Nasuru, hii iko nini?"

"Hii iko maendeleo."

"Nakuuliza hii iko kaburi ya nani."

Akatazama pale juu kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea. "Sasa iko bila jina. Mutu atajua namna gani?"

"Wewe ulisimama hapa siku ya mazishi ukatoa hotuba! Ukala nyama!"

"Mimi nakula kwa matanga mingi, Lokule. Nikumbuke simenti yote?"

Watu wakacheka, maana majirani walikuwa wamefika. Nasuru akaona wanacheka, akakasirika. "Sikiliza. Watu wanakuja na gari mbili, wanauliza, cheamani, hii ni ya serikali? Mimi kiongozi. Niambie watu wa gari sijui? Wataandika kwamba Lurujo haina kiongozi!"

Mama mmoja katikati ya watu akajibu, "Kwani iko?"

Nitasema ukweli juu ya watu wa nyota, kwa sababu mimi si mwongo. Hawakubishana. Jioni ile ile walifungua mashine yao kipande kwa kipande, wakaishusha, viatu wamevua. Daktari alijua anapoteza kazi ya msimu mzima, nilimwona usoni. Bolti tu ndizo zilizobaki, zimekamatwa na gundi yao ndani kabisa. Daktari akasema zisivutwe. Ritah angekwenda Koboko asubuhi kutafuta msumeno wa chuma, wazikate taratibu sawasawa na simenti, mimi nimwage juu yake simenti mpya, na Jumamosi jina liandikwe pale. Nikaona inawezekana. Ningemwambia Obitre mwenyewe, kwa mdomo wangu, na angekuta mahali ni safi. Nililala usiku ule. Ndiyo, nililala.

Ijumaa Ritah akaenda. Kabla hajarudi, simu ya Nasuru ikalia. Mtu wake wa Koboko mjini akamwambia wakwe zangu wamepita stendi, gari limejaa masufuria na kina mama. Wamekuja mapema kusaidia kupika. Nasuru hakuniambia. Alikuja mbio na nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, akapanda moja kwa moja mpaka kaburini.

Mimi nilikuwa nachota maji. Nikasikia Daktari anapiga kelele: "Acha! Mwenyekiti, acha, itapasuka!"

"Ninyi mnajua nyota. Mimi najua simenti!" Nasuru akamjibu. "Wakwe wanakuja wakute hii aibu? Mimi ndiye kiongozi hapa!"

Nikatupa ndoo. Nilikuwa bado mbali alipopiga bolti ya kwanza kwa ubavu. Simenti ikalia paa, kama mti unaoangushwa. Ufa ukakimbia kutoka bolti mpaka bolti, ukafika ya tatu, na katikati pakazama. Nilipofika niliona udongo mweusi. Nikasikia harufu yake.

Nasuru aliangalia nyundo, akaniangalia mimi. Unajua aliniambia nini? "Simenti yako ilikuwa nyembamba."

Daktari na mwalimu ndio walionishika. Wasingenishika, leo ningekuwa naandika haya kutoka jela.

Na gari la Obitre likaingia hapo hapo. Kina mama walikuwa wanaimba. Walishuka wakiimba, masufuria kichwani, na wimbo ukafia njiani kati ya gari na kaburi. Obitre alipanda peke yake. Ni mtu mnene, wa taratibu, anafundisha kwaya. Alizunguka kaburi, akainama, akagusa bolti moja kwa kidole.

"Shemeji," akasema. "Niambie."

Nikamwambia yote. Sikuficha kitu. Daktari Acidri akaja akasimama mbele yake, akasema kosa ni lao, wao ndio waliotoboa, na yeye kama mkubwa wao anaomba adhabu.

Obitre akamtazama. "Daktari, wewe ni mtoto wa wapi?"

"Wa Dadamu."

"Dadamu hii? Ya Arua?"

"Ndiyo. Lakini nimekaa nje muda mrefu, kwa masomo."

"Ungekuwa Mzungu ningekusamehe kabla hujamaliza kuongea," Obitre akasema. "Dadamu makaburi yanalala namna gani, mwanangu? Yamesimama?"

Ritah, aliyekuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye boda na msumeno wake, aliona watu, akaelewa. Aliuweka chini msumeno, akaja akapiga magoti mbele ya shangazi zake Scovia, akaomba kwa Kilugbara, vizuri, kama alivyofundishwa nyumbani. Shangazi mkubwa akamshika mkono akamwinua. Nilipoona vile nikapata tumaini. Nikamfuata Obitre.

"Shemeji, wamekubali. Nipe wiki moja. Nitajenga upya, nitaweka simenti nene, nitaweka uzio, nitalala hapo hapo mimi mwenyewe."

Akaniweka mkono begani. "Lokule, ungekuwa umekosa wewe, ningekupa mwaka mzima. Wewe umemtunza. Hawa wamekosa na wameomba. Msamaha wao wameupata. Lakini yule?" Akaonyesha Nasuru, aliyekuwa amesimama kando ya pikipiki yake, nyundo ameificha nyuma ya mguu. "Mwenyekiti! Njoo hapa useme neno moja tu."

Neno moja tu. Mnasikia? Neno dogo ambalo mtoto anafundishwa kabla ya kujifunza kufunga vifungo. Sisi wote tukamgeukia. Nikamwomba kwa macho, mimi Lokule, nikamwomba Nasuru.

Nasuru akasafisha koo. "Mimi nasema hivi. Hii jambo iko ya watu wa nyota na mwenye shamba. Ofisi haiingii."

Obitre akatikisa kichwa taratibu. "Umesikia, shemeji? Mahali ambapo kiongozi anakula matanga ya mtu halafu hajui kaburi lake, hapo dada yangu halali. Leo nyota. Kesho watamwekea nini?"

Jumamosi, badala ya maombi ya jina, tulimtoa. Katekista alisali kwa haraka, kama mtu anayeiba. Watu wa nyota walishika majembe na sisi, na kama kuna aliyelia zaidi yangu basi ni yule mwalimu mstaafu. Wakamfunga Scovia ndani ya shuka mpya ambazo mama zake walileta kwa ajili ya kufunika meza ya karamu. Nilipanda naye garini mpaka Manibe. Amelala sasa kando ya baba yake, na mimi nikienda kumsalimu naingia kwa wakwe kama mgeni, nangoja niambiwe karibu.

Watu wa nyota walihama. Daktari alinipigia simu kuniambia wamepata kilima kingine mbali, na kwamba kabla ya kugusa jiwe lolote walikaa siku nzima na wazee wa pale, wakiuliza nani amelala wapi. Nikamwambia vizuri. Akaniuliza kama anaweza kunipigia tena. Nikamwambia anaweza, lakini asinieleze nyota.

Nasuru naye alikuja. Alikuja Jumanne, mchana, amevaa shati safi, anacheka.

"Lokule, ndugu yangu, pole. Sasa nimefikiri. Ile mahali si kaburi tena, siyo? Iko shimo tu. Tuite wale watu warudi. Tuwatengenezee msingi mzuri, halafu kijiji kitajulikana."

Nilikuwa namenya muhogo. Sikusimama.

"Umeangalia shimo?" nikamwuliza.

"Nimeangalia."

"Liko refu?"

"Liko refu kidogo."

"Basi ingia ulale, upime kama linakutosha. Likikutosha, mimi mwenyewe nitakwenda Koboko kununua bolti."

Akaacha kucheka. Akasema nachukia maendeleo. Akasema shimo la kaburi likiachwa wazi linaita mtu mwingine, kila mzee anajua, na kwamba kijiji kinaogopa, na ofisi inaniamuru nilifukie kabla ya Jumapili.

Kweli kijiji kinaogopa. Kina mama hawapiti tena njia ile, na mbuzi mmoja ameshatumbukia. Ni mbuzi wa Nasuru, Mungu hana haraka. Wazee wamekuja mara nyingi kuniomba. Nawajibu kwa heshima, nawapa viti. Nawaambia si mimi niliyefanya lichimbwe mara ya pili, na mkono wangu hautalifukia. Jembe liko pale, limeegemea lundo la udongo, mpini unatazama njia ya nyumbani kwa mwenyekiti. Aje alishike mbele ya watu, mchana, shati lile lile safi. Akimaliza nitampa maji ya kunywa, maana sina ubaya.

Mpaka leo hajaja. Anatuma wajumbe.